Mwende Nisiyemwona

Wiki jana nilijiaibisha, na hata sasa nikikumbuka natafuta pa kuficha uso. Daktari mmoja ameniajiri niwatembelee watu wazima waliotengwa kwa sababu ya TB, niwaulize wanavyostahimili upweke. Huko mtaa wa Kongo, Kawangware jijini Nairobi, nilimkuta Mama Nekesa chumbani peke yake, watoto amewapeleka kwa dada yake. Nilisimama mlangoni nikauliza.

"Unakula na nani, mama?"

"Na Mwende," akasema akitabasamu. "Tunakula pamoja, tunaomba pamoja."

Nikachungulia. Kitanda kimoja, sahani moja, Mwende hayupo. Nikajiona mtaalamu. Nikapanga foleni kwenye kibanda cha simu, nikampigia daktari kumwambia kwamba mama wa watu ameanza kuona watu wasiokuwepo. Kesho yake mchana akaacha kazi zake, tukaenda.

Mama Nekesa alikuwa ameshika sahani ya ugali. Akagonga ukuta wa mabati.

"Mwende, wageni wamekuja."

"Wakaribishe," sauti ikajibu kutoka chumba cha pili. "Mimi nishapakua."

Daktari akanigeukia. Mama Nekesa akatueleza kwamba jirani yake huyo anauza vikapu sokoni, na kila mchana hufunga biashara akarudi kula ameegemea mabati yale, ili mwenzake asile peke yake. Upendo wa namna hiyo sijawahi kuuona, nami nilikuwa nimeuita wazimu.

"Yule kijana wa maswali uliyenisimulia yuko?" Mwende akauliza. "Hebu muulize, yeye hula na nani?"

Wote wakaningoja nijibu.