Mawe ya Barabara ya Mashujaa

Juzi nilipita Kasongo, nikakuta watoto wa masomo wanafundishwa tena kusimama wima kwa ajili ya siku ya mashujaa. Ndugu yangu, damu ilinichemka.

Unakumbuka siku hiyo tukiwa wadogo, wakati wazungu walitutawala? Wiki nzima muji ulinuka chokaa. Wamama walitwanga mupunga wa karamu ya wazungu, na kwetu jioni ilikuwa sombe, majani ya muhogo, bila hata kasamaki. Sisi watoto tulifagia barabara mupaka kwa ile nguzo ya ukumbusho wa maofisa wazungu waliokufa wakipigana na wazee wetu, Waislamu wa Kasongo. Mwalimu alisema, "Hawa walikufa kwa ajili yenu." Kwa ajili yetu! Baba ya bibi yangu, si ni wao walimuua?

Mwaka moja polisi waliokota mawe kwenye makaburi yetu ya zamani, wakayapaka chokaa, wakayapanga kando ya barabara ili ipendeze. Bibi alienda kumusomea baba yake dua, akakuta shimo tu pale kichwani kwa kaburi, jiwe liliposimama.

Siku yenyewe ikafika. Drapo, bendera ya wazungu, juu, tarumbeta ikanyamaza, watu wote kimya. Bibi akatoka katikati ya wamama, akafuata mawe, akiyaangalia moja moja. Mbele ya jiwe moja lililomeguka upande akapiga magoti, akalifukua kwa mikono, akajitwika.

"Wee mama! Rudisha jiwe ya Bula Matari, jiwe ya serikali!" polisi mumoja akapiga kelele.

"Bula Matari aliitoa wapi? Hii ni ya baba yangu. Na wewe, mwanangu, baba yako iko analala wapi?"

Polisi huyo, kijana wa Kabambare, akatazama chini. Lakini muzungu mukubwa wake alikuwa anaangalia. "Bibi, utaniponza," akasema pole pole, akamushika mukono.

Wakamutia kashoti, gereza ya polisi. Jiwe likarudi barabarani. Tangu hapo, kila mwaka siku hiyo ya drapo, bibi alisimama pale kwa jiwe, akaipa nguzo yao mugongo, akasoma Fatiha. Mimi nilisimama naye. Fimbo za mwalimu nilizila, na ningezila tena.

Sasa bibi amekufa. Barabara wameipanua, mawe wameyaponda, magari yanapita juu. Makaburini majani yameota, kaburi ni lipi sijui tena. Halafu mutu ananiambia nipende inchi. Inchi naipenda mupaka inaniuma! Lakini wale maofisa wao, majina yao yote naweza kukutajia hapa hapa, bila kukosa, maana tuliyaimba kila asubuhi. Baba ya bibi, hata sijui aliitwa nani. Bibi alimwita "baba" tu.