Ikianguka Chini, Unarudia

Baba alipopatwa na kiharusi nilimtoa kwake mtaani Rhonda nikamleta kwangu Lanet, na kila jioni tukawa tunacheza ludo. Wazo lilikuwa la daktari wa mazoezi: arushe dadu kwa mkono wa kulia, huenda ukaamka. Sheria ya nyumbani ilibaki ileile ya utotoni mwangu: dadu ikianguka chini, unarudia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nafasi ya kupata sita ni moja kati ya sita, hata ukiomba vipi. Lakini baba alipata sita tena na tena hadi nikaanza kuchungulia. Anarusha, dadu inatulia kwenye mbili, kisha mkono unatetemeka, unaigusa, inaanguka. Anarudia. Ikitulia kwenye sita, mkono nao unatulia.

"Baba, hiyo umeigonga makusudi."

"Si mimi, mwalimu. Ni huu mkono. Siku hizi hauniskizi."

Nilikasirika. Mtu huyuhuyu alinichapa nikiwa mdogo kwa kuiba kwenye ludo! Kisha nikawaza: kama anaiba, mkono unamtii. Kama unamtii, anapona, na siku moja atafunga vifungo vya shati bila kuniita. Basi nikaanza kuomba awe anaiba. Niombe baba yangu awe mwizi? Nilichanganyikiwa kabisa. Nilijaribu kupiga hesabu, lakini mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi wangu kwamba dadu haikumbuki ya jana, na bahati inaweza kumkalia mtu wiki nzima bila sababu.

Jumapili moja alibakisha kete moja, na alihitaji sita kamili kuiingiza. Akarusha. Sita! Alifungua mdomo kushangilia, na mkono ukatetemeka, ukaigonga dadu, ikaanguka chini ya kiti.

"Nimeiona, ni sita," nilisema haraka. "Ingiza tu, Baba."

"Ikianguka unarudia."

Akarudia. Moja.

Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Halafu nikajiuliza kama hiyo sita aliiangusha makusudi, ili nisimshuku tena. Mpaka leo sijui.

Kesho yake niliisogeza meza karibu zaidi na mkono wake. Aliporusha, nilimgeuzia mgongo nikajifanya natafuta miwani, nimpe nafasi ya kuiba.