Tundu la Pili Kwenye Tangi la Baba

Nilimdharau yule fundi tangu alipoingia mlangoni na drili yake ya zamani, waya wake umezungushwa utepe mweusi kila mahali. Alikuwa mzee wa mitaa ya Ng'ambo, kofia imepauka kwa jua. Shikamoo yangu niliitoa kwa ncha ya ulimi, naye akaniitikia marahaba kamili kana kwamba hakuona kitu.

Alikuja kutoboa tangi la samaki la mama. Baba alikuwa mkata vioo, na alilitengeneza kwa mikono yake mwaka aliostaafu, akaliweka sebuleni kwetu Mji Mkongwe. Tangu afariki, mama hukaa mbele yake kila alasiri na kikombe cha kahawa. Hakuna kitu kingine alichokitengeneza baba kilichobaki mle ndani. Mimi nilichokiona ni maji yaliyogeuka kijani tu, nikataka ubavu wa nyuma utobolewe matundu mawili: moja la paipu ya kuteremsha maji kwenye chujio, jingine la kuyarudisha. Mama akakubali kwa sharti moja, atoboe fundi, nisitoboe mimi.

Sharti hilo lilinichoma. Nilikuwa nimeshatazama video chungu nzima, najiona bingwa.

Tukawahamishia samaki kwenye beseni, tangi tukalilaza juu ya godoro. Hapo bwana mkubwa akaomba unga wa ngano. Unga! Nikamtazama mama nikitaraji acheke, naye huyo akaenda jikoni kukanda donge. Mzee akalisokota, akalizungusha juu ya kioo mfano wa ukingo wa kisima kidogo, akamimina maji ndani yake, kisha akaanza kusaga kwa biti yake ya duara, ile ncha ya drili ya kukatia vioo. Anasaga kidogo, anainua, anafuta maji yaliyokuwa meupe, anatia mengine.

"Kikipata moto tu kinapasuka, mwanangu," aliniambia.

Nikajiuliza huyu anatoboa au anapika.

Tundu la kwanza lilitoka safi, na sikulisifu. Kiduara cha kioo kilichokatika, kipana kupita kidogo mdomo wa kikombe cha kahawa, mama alikiokota akakifuta kwa kanga. Mara adhuhuri ikaadhiniwa.

"Nnakwenda kusali hapo msikitini," fundi akasema. "Usiliguse. Ntalimaliza n'kirudi."

Nikamjibu kwamba mimi ntasali nyumbani. Uongo mtupu. Mama alipoingia chumbani kusali, nikatoa drili yangu mpya, ile niliyotundikia televisheni ukutani wiki iliyopita, nikaitia biti ya mzee. Mambo ya unga nikayaona upuuzi, nikanyunyiza maji kidogo yakanitosha. Nilitaka wakirudi wote wawili wakute kazi imekwisha.

Kuta za nyumba zetu ni mawe na chokaa, na drili zetu tumezizoesha kugonga huku zinazunguka. Swichi yangu ilikuwa bado kwenye alama ya nyundo. Sikuitazama. Niliminya mara moja tu, ufa ukakimbia mpaka kwenye tundu la mzee, kisha ubavu wote ukaporomokea ndani.

Mama alitoka na kanga zake za kusalia.

"Pande hilo alilikata babaako mwenyewe," alisema, akakaa kitako.

Fundi aliporudi hakuuliza nani kafanya. Aliiokota drili yangu, akaisukuma swichi kwa kidole gumba.

"Hii ya ukuta, mwanangu," akasema kwa upole, na upole ule ulinitia aibu kuliko matusi. Nimedharau watu wengi maishani mwangu, lakini sijapata kumdharau mtu kama nilivyojidharau siku ile, nimesimama juu ya vigae mbele ya mjane aliyeniomba jambo moja tu.

Leo tangi lina ubavu mpya, aliubandika mzee yuleyule, na matundu yote mawili ni yake. Maji ni maangavu na samaki wazima. Mama bado hukaa pale alasiri. Kikombe chake hukifunika kwa kile kiduara, maana ndicho kipande pekee cha ubavu wa baba kilichobaki kizima. Kahawa nampelekea mimi. Kila nikinyoosha mkono nikichukue kile kiduara, yeye hunitangulia.

"Wacha, mwanangu," husema. "Ntafunika mwenyewe."