Chumba cha Vitanda Viwili

Ujumbe wa mratibu wa tamasha la vitabu ulinikuta stoo, mahali ninapoandikia riwaya yangu, kati ya gunia la mpunga na ndoo za asali. Nilialikwa Dar es Salaam kusoma sura moja mbele ya watu, nao wangenilaza hoteli ya kifahari. Alituma picha za hoteli tatu. "Chagua unayoipenda, dada. Siku mbili, chumba cha peke yako."

Peke yako. Niliyarudia maneno hayo kama mtu aliyeonjeshwa maji baridi.

Nyumba yetu ya Mpanda haijawahi kulala na watu wake tu. Anayetoka Karema kufuatilia hati ya kiwanja analala kwetu. Anayetoka Ugalla kuuza asali analala kwetu. Anayengoja treni analala kwetu, na treni ikichelewa analala tena. Godoro langu huwa sakafuni, na mguu wa mtoto wa mtu huwa mbavuni mwangu. Simlaumu yeyote. Kwetu, mgeni kupanga gesti mji wenye ndugu yake ni tusi, na tusi hilo hukaa miaka. Lakini nilikuwa nimechoka, uchovu ule ambao usingizi hauuondoi, kwa sababu usingizi wenyewe tulikuwa tunagawana.

Nilitoka uani kutafuta mtandao. Picha zilifunguka polepole. Hoteli ya kwanza ilikuwa ufukweni. Ya pili ilikuwa ghorofa refu, vioo vitupu. Ya tatu ilikuwa na bustani, na mlango wa chumba ulikuwa wa mbao nyeusi, mnene. Bwawa la kuogelea sikulitazama hata mara moja. Niliutazama mlango ule, nikajiona nikiufunga.

Kabla sijajibu, habari ilikuwa imeshaenea nyumba nzima, na simu ilikuwa mikononi mwa mjomba aliyekuja kutoka Karema.

"Oneni, taulo limekunjwa bata!" alicheka. "Sasa mtu mzima unajifuta na bata?"

"Mjomba, nipe simu."

"Tulia, mpwa, tunakuchagulia. Ufukweni hapana, mbu watakumaliza. Na hii ya vioo, ukivua nguo Dar nzima inakuona!"

Mama hakucheka. Alikuwa anapepeta mchele. "Mdogo wangu ana nyumba Mbagala," alisema. "Wewe ukalale hotelini kama mtu asiye na kwao? Nimeshampigia. Anakungoja."

Niliketi kizingitini. Nyumba ya mama mdogo naijua: ni hii hii yetu, imehamishiwa Dar. Mgonjwa wa Katavi akipelekwa hospitali kubwa hufikia pale, pamoja na wanaomuuguza.

Nikampigia mwenyewe, mama akisikiliza. Mimi ninayeshinda nikipamba sentensi, siku hiyo sikupata ya kupamba.

"Mama mdogo, shikamoo. Nimepewa hoteli. Nataka kulala peke yangu. Nimechoka."

Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa, mtoto akilia, sufuria ikianguka. Nikangoja kusemwa.

"Hoteli gani?"

"Bado nachagua."

"Vyumba vyake vina vitanda vingapi?"

"Mama mdogo..."

"Sikiliza, mwanangu. Ukija kwangu nitaamka nikupikie, nikuchemshie maji, nikuachie kitanda, mimi nilale chini na hawa wengine. Nikija kwako, nitalala." Sauti yake ilishuka. "Sitakusemesha. Hutajua kama nipo."

Ungo wa mama ulikuwa umetulia mapajani.

Nilirudi stoo na kuzifungua picha upya. Chumba cha bustanini kilikuwa na kitanda kimoja, kikubwa kama uwanja. Niliutazama mlango ule mweusi kwa muda, kisha nikaupita. Kwenye ghorofa la vioo kulikuwa na chumba chenye vitanda viwili vyembamba, na taa katikati.

Nikamwandikia mratibu: hicho, tafadhali. Nitakuwa na mama yangu mdogo. Naomba asubuhi wasitugongee mlango, hata kama chai itatupita.

Jibu lilikuja haraka. "Hakuna shida, dada. Naye ni mwandishi?"

"Hapana," niliandika. "Anapokea wageni."