Samaki wa Shangazi Khiroda

Watu wa Kalkata wanasema hakuna aliyeandika maisha ya kijiji cha Kibengali kama Haranath Ghoshal. Wamsifu wee mpaka wachoke! Mimi ndiye mwalimu niliyemfundisha herufi, na najua hadithi zake alizitoa wapi.

Hara alifiwa na mama angali mchanga, akalelewa na Khiroda, dada wa baba yake, mjane tangu akiwa na miaka kumi na mitatu. Kwetu mjane haonji samaki mpaka anakufa. Lakini mwaka mmoja homa ilimkausha Khiroda, akajikaangia vipande viwili nyuma ya zizi. Hara peke yake ndiye aliyemwona.

"Usiniumbue, baba," alimsihi. Mtoto akaapa.

Kitabu chake cha kwanza kilipofika, kijiji kizima kilijaa uwanja wa hekalu la Durga, nami nikaombwa nisome kwa sauti. Khiroda alikaa mbele kabisa, sari yake nyeupe imefuliwa ikatakata. "Huyo nimemlea mimi, kwa mikono hii!" alijitapa.

Ukurasa wa arobaini, mjane akajificha nyuma ya zizi na samaki wake. Jina lilikuwa jingine, lakini kovu la moto kidevuni lilikuwa la Khiroda. Niligundua mapema. Ningeweza kuruka ukurasa, ila watu walikuwa kimya wakinisikiliza, na nilikuwa naona raha. Mungu anisamehe.

"Ala! Kumbe ni wewe!" alifoka mama wa kambo wa Hara. "Miaka yote unatupikia sadaka za miungu, kumbe mla samaki!"

"Ni hadithi tu, wifi."

"Hadithi ina kovu lako?"

Siku hiyohiyo vyungu vyake vilivunjwa kwa kuwa ni najisi, yeye akatupwa zizini. "Hara akija atasema amebuni," aliniambia, "watanirudisha."

Hara alikuja baada ya miezi miwili. Baba yake akamuuliza mbele ya watu, "Mwanangu, yale uliyatunga?"

"Mimi situngi uongo, baba," akajibu, kifua mbele. "Magazeti yote yamenisifia ukweli wangu."

Kisha akaingia zizini, daftari mkononi. Nilidhani anakwenda kumwangukia miguuni.

"Shangazi, ng'ombe wakikojoa, mkojo unafika unapolala?"

Khiroda alifuta kigoda kwa upindo wa sari, akamsogezea.

"Unafika, baba. Kaa uandike vizuri."