Mkutubi Asiyeketi

Tangu theluji ianze kuanguka hapa Naryn, mji wa milimani nchini Kirgizia, mkutubi haketi. Anapakua hadithi za bure mtandaoni za kuwaonyesha watoto maktabani, huku akichochea jiko la makaa ya mawe, akifuta skrini, akichungulia njia. Wiki jana umeme ulikatika, watoto wakaondoka, na wengi hawajarudi.

"Keti basi, dada, unanizungusha kichwa," Burulcha, mmoja wa akina mama, alimwambia, mwanawe akiwa magotini pake.

"Nikiketi tu, umeme unakatika!"

Leo umeme ulikatika akiwa amesimama, wakati dubu wa hadithi kwenye skrini anabisha mlangoni kwa bibi kizee. Kwa mwanga wa jiko Burulcha alimwona akisugua vidole, macho kwenye makoti ya watoto ukutani.

"Haya," mkutubi akasema, "nani anajua dubu alitaka nini?"

Watoto wakapayuka wote kwa pamoja. Hakuna aliyefuata koti lake.