Barua Iliyopotea Njia

Kabla ya kuanza kazi, katibu muhtasi wa shirika letu mjini Geita hufuta vitufe vya kompyuta kwa pindo la khanga. Kabla ya kutuma barua pepe, husoma anwani kwa sauti, herufi kwa herufi. Siku ile ya mwaka 1999 alikuwa ametoka kunywa chai, nikatuma mwenyewe. Majina ya wachimbaji kumi na mmoja wa Rwamgasa, walioeleza jinsi walivyopigwa na walinzi wa kampuni moja, yakaenda kwa meneja wa kampuni hiyohiyo. Mimi niliyezoea kuhubiri haki nikamkimbilia katibu wetu kule kwenye chai, nikarudi naye. Yeye hakunigombeza. Alimpigia simu katibu muhtasi wa meneja, ambaye ndiye humchapishia bosi wake kila barua pepe.

“Shikamoo, mayu,” alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. “Hiyo iliyoingia sasa hivi imepotea njia. Ukiichapisha, kuna watu watapigwa tena.” Akasikiliza, mkono wake umetulia. “Umeifuta? Na kwenye kapu la kompyuta pia? Wabeja, mayu,” akamshukuru. Akaweka simu, akafuta kwa khanga kitufe nilichobonyeza, akanisogezea kiti.

“Haya, mwanaharakati. Soma anwani. Kwa sauti.”